Mkono wa Saspensheni ya Nyuma: Mambo ya Kujua Kabla ya Kukubali Ubadilishwe

Mwenye gari anapoambiwa na fundi kwamba mkono wa nyuma umekwisha, mara nyingi hana njia ya kujua kama kauli hiyo ni ya kweli. Kipuri chenyewe kimefichika chini ya gari, na wengi hawajapata kukiona. Hata hivyo, uamuzi anaotakiwa kuufanya palepale gereji ni mzito. Akikubali bila kuuliza, huenda akalipia kitu ambacho gari halikukihitaji. Akikataa kwa kuhofia gharama, huenda akaendelea kuisafirisha familia yake katika gari ambalo gurudumu lake la nyuma halishikiliwi ipasavyo. Katika sura hii tunaeleza kazi ya mkono huo, dalili za kuchakaa kwake, namna unavyobadilishwa, na haki alizo nazo mteja kabla ya kazi na baada yake.

Kazi ya mkono huu

Gari linapopita kwenye shimo au tuta, gurudumu la nyuma hupanda na kushuka. Springi hubeba uzito wa gari, na shokapu hutuliza mtikisiko. Lakini kazi ya kulizuia gurudumu lisisogee mbele wala nyuma hufanywa na mkono wa chuma unaolala kwa kufuata urefu wa gari. Ncha ya mbele ya mkono huo hufungwa kwenye bodi, na ncha ya nyuma huungana na gurudumu. Kwa kuwa gurudumu hukokotwa nyuma ya mkono, gereji nyingi huuita treilingi amu.

Mahali mkono unapofungwa huwekwa bushi, yaani bomba fupi la chuma lililoshikamana na mpira mzito. Mpira huo hujipinda kidogo kila gurudumu linapopanda na kushuka, na kila dereva anapofunga breki hupokea nguvu inayolisukuma gurudumu kuelekea nyuma. Ndiyo sababu bushi huchakaa mapema kuliko mkono wenyewe.

Umbo la mkono hutofautiana kati ya gari na gari. Katika baadhi ya Subaru Forester ni kiungo chepesi chenye bushi kila ncha. Katika Honda CR-V za kizazi cha kwanza, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1995 na 2001, ni kipande kikubwa kinachobeba habu na breki, na kuubadilisha ni kazi ndefu zaidi. Toyota Vitz zinazovutwa na magurudumu ya mbele pekee hazina mkono wa peke yake hata kidogo: pande zote mbili zimeunganishwa na boriti moja, na kinachobadilishwa kwa kawaida ni bushi za boriti hiyo. Kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo akiambiwa anunue mkono mmoja wa nyuma, na aombe kwanza kuonyeshwa mkono huo ulipo.

Dalili, na jinsi ya kuzithibitisha

Dalili ya kwanza huwa ni mgongo wa sauti nzito upande wa nyuma, hasa gari linapopita kwenye tuta, linapoanza kuondoka au linapofunga breki. Dalili ya pili ni gari kuyumba kwa nyuma katika mwendo wa kasi, kana kwamba magurudumu ya nyuma yanataka kujiendesha yenyewe. Dalili ya tatu ni tairi la nyuma kulika upande mmoja. Baada ya kugonga ukingo wa barabara au kuingia katika shimo kubwa, gurudumu linaweza pia kuonekana limerudi nyuma ndani ya nafasi yake. Ukilinganisha upande wa kushoto na wa kulia utaona tofauti.

Hata hivyo, sauti peke yake haithibitishi kitu. Viungo vya kizuia mlalo, mpira wa juu wa shokapu, hata kishikio cha bomba la moshi, vyote vinaweza kugonga kwa namna inayofanana. Tunamshauri mteja aombe aonyeshwe. Gari likiwa limeinuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara, fundi anaweza kuuingiza mtaimbo kando ya bushi na kuusukuma mkono taratibu. Bushi nzima huruhusu mwendo mdogo na kurudi mahali pake. Bushi iliyokufa huonyesha mpira uliochanika au kuachana na chuma, na mkono hucheza waziwazi. Jambo hili huchukua dakika chache. Fundi mwenye uhakika na kazi yake hana sababu ya kulikataa.

Nyufa ndogo za juu ya mpira, zinazotokana na umri, si hatari ya haraka. Bushi iliyochanika kabisa hairuhusu kusubiri safari ya mkoani. Lakini mkono uliopasuka, uliopinda, au ulioliwa na kutu hadi kutoboka, unalifanya gari lisifae kuendeshwa hata kurudi nyumbani. Ukikatika, gurudumu huhama ghafla, na mpira wa breki unaweza kuvutwa na kukatika pamoja nao.

Bushi au mkono mzima?

Swali hili ndilo lenye fedha nyingi ndani yake. Ikiwa mkono umenyooka na haujaliwa na kutu, na kasoro iko kwenye bushi tu, mara nyingi inatosha kuitoa bushi kwa mashine ya kushindilia na kuweka mpya. Kazi hiyo ina masharti yake. Bushi nyingi za aina hii hazina umbo sawa pande zote. Huwa na alama inayoonyesha zielekee wapi. Ikishindiliwa kwa mwelekeo usiofaa, mpira utachanika mapema na sauti itarudi. Bushi inayopigwa nyundo mpaka iingie nayo huweza kuharibika kabla gari halijatoka gereji.

Ikiwa mkono umepinda au umepasuka, ubadilishwe mzima. Usikubali unyooshwe kwa moto wala kuchomelewa. Chuma kilichopashwa moto hupoteza sehemu ya nguvu zake, na mkono ulionyooshwa kwa kukadiria kwa macho haurudi katika vipimo vyake. Bei ndogo ya kuchomelea hailingani na hatari inayobaki.

Je, ni lazima kubadilisha pande zote mbili? Bushi za pande mbili zimetembea umbali mmoja, hivyo ni busara kuukagua upande wa pili, na zikiwa zimechakaa kwa kiwango kinachokaribiana kuzibadilisha pamoja hupunguza gharama ya kufungua mara mbili. Lakini mkono uliopinda kwa sababu ya ajali ya upande mmoja haumlazimu mteja kununua wa upande wa pili ulio mzima.

Kununua spea

Kabla ya kwenda dukani, andika namba ya chesisi ya gari lako na, ikiwezekana, namba ya kipuri iliyochapwa kwenye mkono wa zamani. Mkono wa kushoto si wa kulia. Gari lenye breki za diski linaweza kuhitaji mkono tofauti na lile la breki za ngoma, na gari lenye ABS linahitaji mahali pa kufungia waya wa kihisi.

Spea iliyotumika si kosa kuinunua, mradi mnunuzi ajue anachokinunua. Magari yaliyotumika katika nchi za baridi, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, huweza kuwa na kutu nyingi chini. Kagua sehemu za maungio na ndani ya mikunjo, ambamo rangi mpya huweza kuficha mashimo. Uulaze mkono huo kando ya ule wa zamani na ulinganishe urefu na matundu. Kumbuka pia kwamba bushi zake zina umri wa gari ulikotoka. Huenda ukalazimika kuzibadilisha vilevile, na hapo unafuu wa bei unapotea.

Kwa spea mpya, jihadhari na boksi lenye jina la kampuni lililoandikwa kwa makosa, lisilo na namba ya kipuri, au lenye namba isiyolingana na iliyo kwenye kipuri chenyewe. Kuuza bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na mnunuzi aliyeuziwa bidhaa ya namna hiyo halazimiki kunyamaza.

Kazi inavyofanyika

Hatumshauri mtu asiye na vifaa aifanye kazi hii mwenyewe. Tunaieleza ili mteja atambue kazi iliyofanywa vizuri.

Magurudumu ya mbele huwekewa kabari kwanza. Breki ya mkono katika magari mengi hushika magurudumu ya nyuma, hivyo haiwezi kulizuia gari ambalo nyuma yake imeinuliwa. Gari hukaa juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu anayeingia chini. Fundi hutia alama kwenye boliti za kurekebishia mwelekeo wa gurudumu, hufungua vishikio vya waya wa breki ya mkono, mpira wa breki na waya wa ABS, kisha huegemeza habu juu ya jeki ya pili. Breki haipaswi kuachwa ikining'inia kwa mpira wake.

Boliti za zamani mara nyingi hugandana na bomba la ndani la bushi kwa kutu. Huenda zikahitaji mafuta ya kulainisha na muda, na wakati mwingine kukatwa. Gharama hii inaweza kujitokeza katikati ya kazi bila hila yoyote ya fundi. Kinachotakiwa ni mteja kujulishwa kabla haijaongezwa kwenye hesabu.

Hatua inayorukwa mara nyingi ni ya mwisho. Boliti zinazopita kwenye bushi hukazwa kidogo tu gari likiwa juu. Kukaza kwa mwisho hufanywa gari likiwa limebeba uzito wake juu ya magurudumu, kwa spana inayopima nguvu, kulingana na kipimo cha mtengenezaji. Zikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, mpira wa bushi hukaa umejipinda muda wote gari linapotembea, na bushi mpya huchanika mapema. Muulize fundi wako swali hili moja: "Boliti utazikaza gari likiwa wapi?" Jibu lake litakueleza mengi.

Kazi haijakamilika mpaka mwelekeo wa magurudumu yote manne upimwe kwa mashine ya alaimenti. Ikiwa bomba au mpira wa breki ulifunguliwa, hewa itolewe kwenye breki kabla gari halijaingia barabarani. Nati za magurudumu zikaguliwe tena baada ya siku chache za matumizi.

Haki za mteja

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kudanganya. Kumwambia mteja kwamba kipuri kizima kimekufa, au kumuuzia kilichotumika kwa jina la kipya, ni mambo yanayoangukia hapo. Sheria hiyo pia inatambua kwamba mtoa huduma anawajibika kuifanya kazi kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Haki hizo hutegemea ushahidi, na ushahidi huanza kukusanywa kabla ya kazi. Kwa hiyo tunashauri yafuatayo:

1. Omba makadirio ya maandishi yanayotenganisha bei ya spea, ufundi, kushindilia bushi na alaimenti.

2. Kubalianeni kwamba gharama yoyote ya ziada itaidhinishwa na wewe kwanza, japo kwa ujumbe wa simu.

3. Piga picha kipuri cha zamani kikiwa bado kwenye gari, na uombe ukabidhiwe baada ya kutolewa.

4. Dai risiti ya EFD dukani. Mnunuzi naye ana wajibu wa kuidai, na ndiyo uthibitisho wake wa kwanza akiuziwa bidhaa mbovu.

5. Andikeni muda wa dhamana ya spea na ya ufundi. Ahadi ya mdomo ni ngumu kuithibitisha.

6. Chukua karatasi ya vipimo vya alaimenti, ya kabla na ya baada.

Sauti ikirudi, mrudie fundi mapema na umpe nafasi ya kuangalia kazi yake. Usipeleke gari kwa fundi wa pili kabla ya kupiga picha, maana akishafungua itakuwa vigumu kujua kosa ni la nani. Msipoelewana, andika barua fupi inayoeleza tarehe, kazi iliyofanywa, kiasi ulicholipa na unachokitaka, ama kazi irudiwe au fedha zirejeshwe. Jambo likishindikana hapo, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani pamoja na nakala za makadirio, risiti na picha. Fundi mwaminifu naye hulindwa na karatasi hizohizo, kwa kuwa zinaonyesha alichoagizwa na alichokifanya.