Paka mzee anaposusa chakula, usikimbilie gunia

PAKA wetu alikuwa na miaka 13 alipoanza kuiogopa sahani yake. Akisikia mlio wa sufuria jikoni alikuja mbio kama zamani, akanusa omena, akamchukua mmoja, kisha akamwangusha na kurudi nyuma huku akijipangusa mdomo kwa mguu. Sisi tukacheka na kusema, "Huyu amezoea vinono. Njaa itamfunza adabu."

Baada ya wiki moja hivi, mifupa ya mgongo wake ilihesabika kwa vidole. Jirani mmoja, mama mwenye nia njema kabisa, akatushauri tumtie guniani tukamwache sokoni, akajitafutie panya huko. Kifungua mimba wetu, aliyekuwa darasa la sita na aliyekua pamoja na paka huyo, alikataa chajio usiku huo. Kesho yake tukamtia paka kwenye kikapu, si guniani, tukampeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alipomfunua mdomo, sote tuliona haya. Ufizi ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu kama pilipili, na jino moja la nyuma lilikuwa limelika hadi karibu na mzizi. Paka wetu hakuwa na maringo. Alikuwa na njaa na maumivu kwa wakati mmoja.

Kosa letu hufanywa na jamaa nyingi za mjini. Paka huanza kuhesabiwa kuwa mzee akitimiza miaka 10 au 11 hivi, na akitunzwa vyema anaweza kufika 15 na hata kupita. Paka mzima ana meno 30, mawili tu pungufu ya yale ya binadamu, na ukoga hujijenga juu ya meno hayo kwa miaka mingi bila mswaki. Zaidi ya hayo, paka wengi hupatwa na ugonjwa ambao mwili wenyewe hulila jino taratibu mpaka neva zikabaki wazi. Lakini paka ni hodari wa kuficha maumivu. Hatalia. Atakachofanya ni kutafuna kwa upande mmoja, kudondosha chakula, kutoa mate, kunuka mdomo na kuacha kujilamba, hata manyoya yakakosa mng'aro.

Hata hivyo, si kila mara tatizo huwa mdomoni. Paka mzee anayekunywa maji mengi na kukojoa sana huenda figo zake zimechoka, na ugonjwa wa figo humletea kichefuchefu. Yupo naye anayekula kwa pupa lakini akazidi kukonda. Huyo huenda ana ugonjwa wa tezi ya shingoni au wa sukari. Mwingine maungo yanamuuma, na kuinamia sahani iliyo sakafuni ni adhabu kwake. Mpime uzito kila mwezi kwa mizani ya dukani, akiwa ndani ya kikapu. Paka wa kilo nne akipoteza nusu kilo, ni sawa na mtu wa kilo 64 kupoteza kilo nane.

Jambo la kukumbuka ni kwamba paka hafungi saumu. Asipokula kwa siku chache, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulilemea, naye anaweza kufa. Kwa hiyo ikipita siku nzima bila kugusa chochote, usingoje. Mpeleke kwa daktari. Walio Nairobi wanaweza kujaribu kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete.

Akisha kupata matibabu, kazi ya kumlisha ni yako. Anza na pua, kwa sababu paka hula kwa harufu, na harufu hufifia uzeeni. Kiweke chakula ndani ya bakuli, kisha bakuli ndani ya maji ya moto, mpaka kiwe vuguvugu. Kiponde kiwe laini: samaki asiye na mifupa, nyama ya kusaga au kuku, kikilainishwa kwa supu isiyo na chumvi wala kitunguu. Mpe kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Tumia sahani pana isiyo na kina, uinyanyue juu ya tofali au kitabu kikuukuu, mbali na watoto wenye kelele. Maji safi yawe karibu daima.

Ugali na maziwa pekee haumfai. Wahenga walisema paka hashibi kwa wali, matilaba yake panya, na sayansi imewaunga mkono. Mwaka 1975 watafiti walionyesha kwamba paka akikosa taurini, kirutubisho kilichomo ndani ya nyama na samaki, macho yake huharibika. Mwaka 1987 ikabainika kwamba upungufu huo huo hudhoofisha moyo. Nayo maziwa huwaendesha paka wengi wakubwa.

Yako mambo matatu ya kuepuka kabisa. Usimpe dawa za binadamu za maumivu. Paracetamol, hata kidonge kimoja, yaweza kumuua, kwa kuwa ini la paka haliwezi kuisafisha. Usimpe kitunguu wala kitunguu saumu, maana huharibu damu yake. Na usimlazimishe kwa kumsukumia chakula kooni. Anaweza kupaliwa kikaingia mapafuni.

Tahadhari moja kwa wazazi: paka anayetokwa na mate, asiyeweza kumeza na aliyebadilika tabia ghafla huenda ana kichaa cha mbwa. Usitie kidole mdomoni mwake. Akimuuma mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Paka wetu alipigwa nusukaputi, aking'olewa meno mawili. Siku chache baadaye alimaliza sahani nzima ya samaki wa kuponda, akailamba mpaka ikasogea sakafuni, na kijana wetu akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Aliishi nasi miaka miwili zaidi.

Leo jioni, kabla ya kuzima taa, itazame sahani ya paka wako. Ukikuta chakula cha asubuhi bado kipo, usimtolee ukali. Mtazame mdomo kwanza.