Kujifungulia kwa Mama

Mimba ya kwanza ikifika mwezi wa nane, mwanamke wa Kiswahili hufunga mizigo akarudi kwa mama yake. Hajaachika wala hajanuna. Ndiyo desturi ya mwambao, Unguja hata Mombasa: kifungua mimba huzaliwa kwa bibi mzaa mama. Mume hubaki kwake, akaja jioni na matumizi mkononi, akaketi barazani kuulizia hali.

Ndani, kila mtu ana kazi yake. Mama anapika, somo, yaani kungwi wake, anakanda miguu iliyovimba kwa mafuta ya nazi. Mkubwa wa nyumba hutazama tumbo asubuhi akasema, "Limeshuka." Kichwa cha mtoto kimeingia kwenye nyonga: pumzi zinakuwa nyepesi, haja ndogo haiishi. Tende huwekwa karibu kwa ajili ya Surat Maryam, ambamo Bibi Maryam, akiwa katika uchungu, anaambiwa autikise mtende ale. Wengine huletewa kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, mja mzito akayanywa.

Mkoba wa hospitali hufungwa mapema. Binti hutia doti mpya za kanga zinazong'aa, mama huzitoa. Kanga mpya ina wanga, ni ngumu, hainyonyi maji. Inayotakiwa ni kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikalainika, ikapigwa pasi. Juu yake huwekwa kadi ya kliniki.

Watu wa kisiwa cha Tumbatu wana hesabu nyingine: bahari. Wapo wanaovuka mapema wakakae kwa jamaa, uchungu usije ukawakuta wakingoja mashua ya kwenda Mkokotoni.

Kinachowagombanisha bibi na mkunga wa kliniki ni dawa ya miti ya kuharakisha uchungu. Mkunga anaikataza, kwa kuwa mfuko wa uzazi ukibana kupita kiasi huweza kupasuka. Mtoto huja kwa kawaida kati ya wiki ya 37 na ya 42, kwa hiyo tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ni makadirio tu. Uchungu wa kweli huja kwa vipindi vinavyozidi kukaza na kukaribiana. Wa uongo hutulia mtu akipumzika. Lakini chupa ikipasuka, damu ikitoka, kichwa kikiuma sana na macho yakaona maluweluwe, au mtoto akipunguza kucheza, hakusubiriwi kuche. Mume hupigiwa simu atafute gari.

Wakitoka hospitali, mzazi na mwanawe hurudi kwa mama kukaa arubaini, kwa uji wa pilipili manga na maji ya moto. Mume anarudi kwake peke yake mpaka siku 40 zitimie.