Ekzosi ni Sehemu ya Injini

Siku moja, katika karakana ndogo ya Dadamu, pembezoni mwa mji wa Arua, alifika polisi mstaafu na Yamaha yake kuukuu yenye injini ya mipigo miwili. Alikuwa ameikata ekzosi, akaacha kipande cha bomba kisichozidi urefu wa mkono. Ngurumo yake ilisikika kabla hajaonekana. Lakini akipakia gunia moja la mihogo, kilima kilimshinda. "Afande," fundi akamwambia, "umeitupa nusu ya injini."

Fundi alisema kweli. Injini ya namna hiyo haina vali; pistoni yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga tundu la moshi. Kwa kitambo kidogo sana moshi hutoka wakati petroli mpya inaingia, na sehemu ya petroli hiyo hutoroka pamoja nao. Ekzosi iliyoundwa sawasawa hupanuka kwanza, kisha husinyaa. Wimbi la kishindo cha moshi, likifika penye kupanuka, hurudisha mvuto unaosafisha silinda. Likifika penye kusinyaa, hurudi kama mwangwi na kuisukuma ndani petroli iliyotoroka, kabla tundu halijafungwa.

Basi urefu ni jambo la hesabu. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.01, na tundu huwa wazi karibu nusu ya muda huo. Ndani ya moshi wa moto wimbi huenda kasi ya mita 500 hivi kwa sekunde. Safari yake ya kwenda na kurudi ni mita 2.5, kwa hiyo mwangwi utoke umbali wa mita 1.25 hivi. Kwa mizunguko 8,000, umbali hushuka hadi sentimita 94. Ndiyo maana ekzosi ya mashindano haifai kwa kubebea mizigo polepole.

Elimu hii iliiva Ujerumani ya Mashariki, mikononi mwa mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ. Mwaka 1961 injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilitoa nguvu za farasi 25. Mwaka huo huo mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka baada ya mashindano ya Sweden, akahamia Suzuki. Mwaka 1962 akaipatia ubingwa wa dunia. Sisi tuliofunzwa kutunza siri za kambi twaweza kuukadiria uchungu wa Kaaden.

Ekzosi ya asili ya yule mzee ilikutwa nyuma ya banda la kuku, imejaa masizi ya oili. Fundi aliyakwangua, akaifunga, na gunia likapanda kilima. Mzee alisikitikia jambo moja tu: sasa hasikiki akija.