Fahamu: Kwa nini Kabambare huchaguliwa opsheni, si idadi ya masomo

Kenya, mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, huweza kujiuliza: nifanye masomo saba au manane? Kabambare, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, swali hilo halipo. Mtihani wa Serikali wa Kongo, ulioanzishwa mwaka 1967, huwapa wanafunzi wote wa opsheni moja (yaani mkondo mmoja wa masomo) masomo yale yale, kwa siku nne: maarifa ya jumla, sayansi, lugha na masomo ya opsheni. Kabla yake kuna insha ya Kifaransa. Kufaulu ni asilimia 50.

Kwa hiyo uamuzi mzito huja mapema, siku ya kuchagua opsheni: pedagojia, biashara au sayansi. Mzazi, usiangalie ukaribu wa shule tu. Muulize mtoto anapenda nini, kisha hakikisha mwalimu wa masomo hayo yupo.