Vumbi la saruji lisifike kisimani

VUMBI linalonaswa kwenye moshi wa tanuru la saruji huonekana kama unga tu. Lakini lina chokaa kali, na pengine chembechembe za risasi. Mvua ikilinyeshea, maji yake huwa makali kuliko magadi, huweza kuchoma ngozi, na hupenya ardhini hadi visimani.

Karibu na mji wa Petoskey, Marekani, uwanja wa gofu ulijengwa juu ya marundo ya vumbi la kiwanda kilichofungwa. Mwaka 2004 maji makali yaligunduliwa yakichuruzika kwenye Ziwa Michigan.

Je, msomaji, dawa ni gani? Kwanza, vumbi lirudishwe tanuruni. Linalobaki lizikwe mbali na visima, juu ya udongo wa mfinyanzi, lifunikwe lisilowe, na maji ya karibu yapimwe mara kwa mara. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.