Wasia wa Babu Uliokaa Kashani Machakos

Waswahili husema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Usemi huu tumeusikia tangu utotoni, na kila mtu huutumia kumwambia mwenziwe. Lakini iko siku usemi humrudia mwenyewe aliyeuzoea kuusema. Siku hiyo ilinifika mimi mjini Machakos, nikiwa nimekaa juu ya mkeka, mkononi nina karatasi iliyoliwa na mchwa pembeni.

Nyumbani kwetu Mombasa tulilelewa tukijua kwamba babu wa baba yangu alikuwa mtu wa Lamu, aliyepanda bara na misafara, akafanya biashara Machakos na akafia huko. Mkewe, mwanamke wa Mombasa, alirudi pwani na mtoto wake wa kiume, naye ndiye babu yangu. Ukiuliza jina, huambiwa fulani bin Abdallah. Ukiuliza huyo Abdallah ni nani, ilikuwa ni kimya, au mzee mmoja alitaja mtaa wa Lamu na mwingine akautaja mwingine. Sisi watoto hatukuona ajabu.

Babu huyo alikuwa na binti pia, aliyeolewa Machakos na kubaki huko. Kizazi chake ndicho kilichohifadhi kasha lake. Mjukuu wa binti huyo, ambaye mimi namwita Shangazi, alipoona macho yanamdhoofu aliniletea salamu: "Mwanangu, njoo uchukue makaratasi ya wazee kabla mchwa hawajayamaliza."

MJI WA MASAKU

Msafiri wa pwani apitaye njia kuu ya Nairobi huiacha Machakos kando, wala hajui kuwa mji huo una umri kuliko Nairobi. Jina lenyewe limetoka kwa Masaku, mtabiri mashuhuri wa Wakamba, ila wageni walilitamka kwa ndimi zao likawa Machakos. Kampuni ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki ilijenga kituo chake hapo 1889, na 1892 akaja John Ainsworth kukisimamia. Reli iliyoanzia Mombasa 1896 ilipopita mbali na mji, makao ya utawala yalihamishiwa Nairobi 1899, na Machakos ikapoa.

Lakini kabla ya Mzungu, njia ya Ukambani ilikuwa njia ya watu wetu. Wakamba walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa pembe, na misafara yao ilifika pwani kabla misafara ya pwani haijazoea kwenda kwao. Watu wa Mombasa na Lamu walipoanza kupanda, wengine hawakurudi. Walioa, wakajenga, wakaswali. Na vijana wa Kikamba nao waliingia katika Uislamu, wakavaa kanzu, wakajifunza Kiswahili na kushika kazi ya duka, upagazi au uaskari. Ndipo ukaota mtaa wa Waislamu katika mji wa bara.

Katika kasha la Shangazi mlikuwa na risiti za duka, talasimu, hati ya ndoa na karatasi moja ndefu iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tarehe ya Rajabu 1331, yaani katikati ya 1913. Juu yake baada ya Bismillahi liliandikwa neno moja tu: wasia.

WASIA WA WAINGEREZA NA WETU

Nilikuwa nimesoma kidogo habari za Waingereza jinsi wanavyotafuta mababu zao kwa wasia. Kwao ni elimu kubwa. Wasia zilizothibitishwa katika mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury, tangu 1384 hadi 1858, zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko Kew, London. Ndiyo, msomaji, mahakama ya askofu. Kwani hadi Januari 1858 mambo ya wasia Uingereza yalikuwa mikononi mwa mahakama za kanisa, kama kwetu mirathi ilivyo mikononi mwa kadhi. Mtu hufungua wasia wa fundi viatu wa miaka mia tatu iliyopita akakuta majina ya mke, watoto, wajukuu, shemeji na mtumishi, na kila mmoja ameachiwa nini. Hata wasia wa William Shakespeare, wa 1616, upo, na humo mkewe ametajwa kwa kuachiwa kitanda, tena si kile kizuri bali cha pili yake. Wataalamu hawajaacha kubishana juu ya kitanda hicho.

Basi nami nikadhani wasia wa babu utanipa orodha ya jamaa zake. Nilipoupeleka kwa sheikh mmoja wa Mombasa anayejua mirathi na maandishi ya zamani, alicheka.

"Wewe unasoma wasia wa Kiislamu kwa macho ya Kiingereza," akasema. "Mwingereza humtaja ampendaye ili apate. Sisi warithi wetu wamekwisha tajwa na Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa. Mke mwenye mtoto wa mume ana thumuni yake, mama ana sudusi yake, apende mume asipende. Mtu hana haja ya kuwaandikia, wala hana ruhusa ya kumzidishia mmoja wao kwa wasia ila wenziwe waridhie. Wasia ni kwa asiyerithi, na haupiti thuluthi ya mali. Kwa hiyo katika wasia wa Mwislamu usiwatafute warithi. Watafute wale waliobaki nje ya mlango."

Maneno hayo niliyaweka moyoni, kwani ndiyo ufunguo wa jambo zima. Katika wasia zetu za zamani utamkuta mtumwa aliyeachwa huru, mtoto wa kulea, mjukuu ambaye baba yake alitangulia kufa, msikiti, kisima, na madeni. Ukitaka warithi, tafuta hesabu ya mgawanyo iliyofanywa na kadhi baada ya kifo. Karatasi mbili hizo zikiwekwa pamoja, ndipo ukoo huonekana mzima.

ALIYEBAKI NJE YA MLANGO

Sheikh akausoma wasia taratibu. Kwanza deni la rupia kumi na nne kwa Mhindi mwenye duka. Kisha mkeka na taa kwa msikiti. Kisha akanyamaza, akarudia mstari mmoja mara tatu.

"Hapa anasema: katika thuluthi yangu, apewe mama yangu mzazi ng'ombe jike mmoja na mbuzi kumi na wawili."

Nikasema, "Alhamdulillahi, mtoto mwema."

Sheikh akanitazama. "Hukuelewa. Mama ni mrithi. Ana sudusi yake. Kwa nini huyu amwandikie mama yake wasia?"

Nikakaa kimya.

"Kwa sababu mama huyu harithi. Na mama harithi kwa mwanawe Mwislamu kwa sababu gani? Mtumwa harithi, lakini huyu ana mume na mji wake, vimetajwa hapa. Basi sababu ni moja: hakuwa Mwislamu. Mirathi haivuki baina ya dini mbili, ila wasia huvuka. Babu yako alijua sheria, au alimwuliza ajuaye. Aliona mama yake atatoka mikono mitupu, akamfungulia mlango ambao sheria imeuacha wazi."

Kisha akasoma mahali alipokuwa akikaa mama huyo. Palikuwa na neno lililosomeka kama "Ifeti", na jingine kama "Ombe". Mimi sikuyafahamu. Shangazi, aliyezaliwa na kukulia Machakos, nilipomsomea kwa simu, hakusita hata kidogo: "Ni Iveti hiyo, milima iliyo juu ya mji. Na Aombe ni mbai, ukoo wa Wakamba." Herufi za Kiarabu hazina "v", na waandishi wetu wa kale waliazima "f" mahali pake. Irabu nazo mara nyingi huachiwa msomaji akisie.

Hapo ndipo na Abdallah alipojulikana. Mtu alipoingia katika Uislamu na baba yake si Mwislamu, ilikuwa desturi kumwita bin Abdallah, kwa kuwa kila mja ni mtumwa wa Mungu. Basi ukifuata nasaba yako ukafika kwa Abdallah asiyejulikana mji wala kaburi, usiharakishe kumtafutia mtaa Lamu. Huenda hapo ndipo mlango wa nyumba nyingine ulipo.

MANENO YA MOMBASA

Niliporudi nyumbani na habari hii, sikupokewa kwa maua. Ami yangu mkubwa, Mungu amzidishie afya, alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Kwa hiyo umekwenda bara kutuharibia nasaba?"

Nikamjibu kwa adabu, "Ami, nasaba haikuharibika. Ni ile ile ya siku zote, ila sasa tumeijua."

"Watu watasema nini?"

Swali hilo, msomaji, ndilo lililozika majina mengi pwani kwetu. Tunapenda kupanda merikebu na kuvuka bahari tunapotafuta mababu, lakini hatupendi kupanda kilima. Wengine wana haki ya kusema walitoka Hadhramaut au Omani, na nyaraka zao wanazo. Lakini wangapi kati yetu wana bibi wa Kigiriama, Kidigo, Kipokomo au Kikamba ambaye jina lake halitajwi hata katika dua?

Jambo la pili lilinitia uzito zaidi. Nyuma ya karatasi ile palikuwa na alama za mkono mwingine. Mbele ya deni la Mhindi palitiwa alama kuwa limelipwa. Mbele ya mkeka na taa palitiwa alama. Mbele ya ng'ombe na mbuzi hapakuwa na kitu.

Nikamrudia sheikh. Akaniambia kuwa Qur'ani imeweka wasia na deni mbele ya mgawanyo wa mirathi, na haki ya mtu haiozi kwa kupita miaka. "Alama peke yake si ushahidi kamili," akasema. "Huenda walipeleka wasiandike. Lakini wewe unayeuliza, moyo wako unakuambia nini?"

MLIMANI IVETI

Nilikwenda Iveti pamoja na mtoto wa Shangazi. Karatasi ilitaja jina la mama, la mumewe na la mbai. Majina yao sitayaandika hapa kwa kuwa si yangu peke yangu. Kwa mambo matatu hayo wazee wa ukoo walitufikisha kwenye boma moja katika siku mbili tu. Ofisi moja niliyoianzia Nairobi ilikuwa imenizungusha wiki tatu.

Mzee wa boma alitusikiliza akiegemea mkongojo. Kisha akasema kwa Kiswahili cha taratibu kwamba kwao husimuliwa habari ya kijana aliyeondoka baada ya njaa kuu ya mwisho wa karne ile, njaa waiitayo Ngomanisye, akafuata watu wa kanzu mjini. Mama yake alikuwa akishuka sokoni kumwona. Baadaye alikufa, na mkewe akamchukua mtoto akaenda naye pwani, na mama hakumwona tena mjukuu wake.

Nikamwuliza kama waliwahi kupokea mbuzi. Akatikisa kichwa. "Mbuzi hatukusikia. Tuliambiwa tu kuwa mtoto alipelekwa baharini."

Kumbe wakati sisi Mombasa tulikuwa tukisema babu alitoka baharini, huku mlimani walikuwa wakisema mtoto alipotelea baharini.

Tulichanga, jamaa wachache wa Mombasa na wa Machakos, tukanunua ng'ombe jike mmoja na mbuzi kumi na wawili, tukawapandisha Iveti. Ami hakuja. Niliwaeleza wenyeji kuwa hii si zawadi wala si sadaka, ni haki yao iliyochelewa. Mzee akahesabu mbuzi mmoja mmoja kwa mkongojo wake. Kisha akamtoa mmoja, akaomba kisu, akanipa mimi.

"Chinja wewe," akasema, "ili tule sote."

Nikaelekea kibla nikachinja, na watu wa boma lile wote wakala pamoja nasi.

KABLA YA MCHWA

Msomaji, nakuomba jambo moja. Fungua kasha la wazee wako. Karatasi ya zamani usiitie gundi wala karatasi za kunata. Ifunge katika kitambaa kikavu, uipige picha, umpelekee ajuaye herufi. Tazama tarehe ya Hijria, tazama mashahidi, tazama madeni. Mali ikiwa iliwahi kupita ofisini, tafuta matangazo ya mali za marehemu katika Gazeti la Serikali, lililoanza 1899, au nenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa Nairobi, ambako majalada ya wilaya ya Machakos yamewekwa chini ya alama DC/MKS. Na ukikuta katika wasia mtu asiyestahili kutajwa, usimpite. Uliza kwa nini ametajwa.

Wiki iliyopita Ami aliniita baada ya Isha. Hakutaja mbuzi wala nasaba. Aliniuliza tu yule mama wa Iveti alikuwa akiitwa nani. Nikamwambia. Akalirudia jina lile polepole, mara mbili, kisha akaniaga akaingia ndani.