Msimamizi wa Dispachi na Hesabu ya Nani Asubiri

Tuseme una waendesha pikipiki sita na oda 110 za kufikishwa leo kutoka Kariakoo. Kila oda inakula wastani wa dakika 25: kuendesha, kutafuta nyumba, kumpigia mteja, kupokea malipo. Zamu ya saa nane, ukitoa saa moja ya chakula na mapumziko, inabaki na dakika 420. Hizo ni oda 16 kwa kila mmoja, au 17 akijitahidi. Kwa sita ni kama 100. Oda kumi hazina mtu.

Ofisi nyingi huzigawa hizo kumi kimyakimya na kutumaini vijana watakimbia. Msimamizi wa dispachi, yaani anayepanga nani aende wapi na lini, analipwa ili asifanye hivyo. Anaamua oda zipi zisubiri na kuwaarifu wenyewe asubuhi, kabla hawajaanza kupiga simu za hasira.

Tena hesabu ile ni ya siku isiyo na dosari. Masika yakikolea, bonde la Jangwani hujaa maji na Barabara ya Morogoro hufungwa. Mzoefu hupanga oda 14 kwa mtu ili ibaki nafasi ya foleni, pancha na mteja asiyepokea simu. Kwa hiyo anaahidi 84. Mwenye duka atanung'unika, ila mteja aliyeahidiwa kesho akaletewa kesho hurudi kununua. Aliyeahidiwa leo akakesha akisubiri haonekani tena.

Katika kuchagua zipi zisubiri, dawa na vyakula vinavyoharibika havisubiri. Baada ya hapo huangaliwa njia. Oda moja ya Kigamboni ni hasara, iwe kwa kivuko au kwa Daraja la Nyerere. Ukikusanya tano zinazokwenda upande huo, safari inajilipa.

Kwa mafundi wa intaneti, umeme au majokofu, hesabu hubadilika. Fundi akifika bila kipuri, mteja ameshaomba ruhusa kazini bure na safari italipiwa mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kumtuma, uliza: ujuzi wake unalingana na kazi? Kifaa kiko kwenye gari? Mwenye nyumba yupo? Kipimo kikuu hapa ni kazi ngapi zimekwisha katika safari ya kwanza.

Wengi huingia kwenye kazi hii wakitokea kwenye pikipiki, stoo au huduma kwa wateja, na ujuzi huo wa chini ni mtaji. Kinachowapandisha baadhi ni kuandika sababu. “Mteja hakupatikana” huficha mambo manne: simu imezimwa, lokesheni imekosewa, pesa haipo, au ameukataa mzigo. Kila moja lina dawa yake. Ukiyatenganisha kwa mwezi mzima kwenye Excel, utajua kama tatizo liko kwa muuzaji, kwa anayepokea oda au barabarani, na utakuwa na la kusema mbele ya meneja. Anayetaka cheti ana Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, kinachofundisha usafirishaji na ugavi hadi ngazi ya shahada.

Cheo hakitoshi bila imani ya watu. Msimamizi anayewapa marafiki zake njia fupi na wengine Mbagala kila siku atajikuta na simu zisizopokelewa. Zungusha njia ngumu, na orodha ibandikwe kila mtu aione. Linda pia muda wao. Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na, kwa kawaida, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kazi ya leo na ya kesho. Aliyemaliza saa nne usiku usimpangie safari ya saa kumi na mbili alfajiri, hata akikuomba mwenyewe kwa sababu ya posho.

Ukiitwa kwenye usaili wa usimamizi, usijisifu kwa idadi ya oda ulizowahi kusukuma kwa siku. Nenda na karatasi moja: tatizo lililokuwa likijirudia, sababu uliyoigundua, ulichobadilisha, na takwimu za kabla na baada. Mwajiri anayejua kazi atakuuliza pia uliwaambia nini waliosubiri. Uwe na jibu.